Mashine ya matangi mawili iliyolala stoo: usiichomeke kwanza

SWALI: Shikamoo fundi. Marehemu babu ametuachia nyumba hapa Malindi, na stooni kuna mashine ya kufulia ya Hoovermatic, ile ya matangi mawili, moja la kufulia na moja la kukamulia. Haijaguswa miaka mingi. Bati la chini limeliwa na kutu, mpira wa kutolea maji umekauka kama ukuni, na pipa la kukamulia halizunguki hata nikilisukuma kwa mikono miwili. Plagi iko na waya upo. Jirani ananiambia niichomeke nisikie kama inanguruma, ikikataa niwape wanunuzi wa vyuma chakavu. Mimi napenda vitu vya zamani, na ningetaka irudi kufua nguo, isiwe pambo la sebuleni. Nianze wapi? (Msomaji, Malindi)

JIBU: Marahaba, na Mungu amrehemu babu. Usiichomeke. Mshukuru jirani, kisha kata waya wa plagi karibu kabisa na mashine, ili asije mtoto au mgeni akaijaribu wewe haupo. Waya huo hata hivyo hutautumia tena. Mashine hizi huvumilia stoo miaka na miaka, halafu huungua kwa dakika moja siku mtu anapotaka kusikia kama inanguruma.

Kwa nini zinaungua? Kwanza kuna chumvi. Upepo wa bahari huitandaza juu ya kila kitu, nayo huvuta unyevu hewani usiku na mchana. Ikitua kwenye koili za mota, yaani nyaya zilizosukwa ndani yake, na kwenye viungio vya waya, umeme hupata njia ya kuvujia hadi kwenye bodi ya bati, na bodi ndiyo utakayoishika mkononi. Halafu kuna mota iliyokwama: mota ya namna hii ikizuiwa kuzunguka huvuta umeme mara tano hadi saba ya kiasi chake cha kawaida, na umeme wote huo hugeuka joto ndani ya koili. Kapasita ya zamani, kile kikopo kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka, nayo inaweza kuwa imekufa, na ikifa mota hunguruma bila kuzunguka, matokeo yakawa yale yale. Na hata kama yote hayo yamesalimika, sili za mpira zimekauka, kwa hiyo maji ya kwanza utakayotia yatateremka moja kwa moja kwenye beringi na mota.

Sasa habari njema. Hoovermatic ya matangi mawili ilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1957, na kiwanda cha Hoover cha mashine za kufulia kilikuwa Merthyr Tydfil, Wales, kilikofunguliwa mwaka 1948. Umeme wa Uingereza na wetu wa Kenya ni wa aina moja, volti 240 na mizunguko 50 kwa sekunde, na hata plagi ni ile ile ya miguu mitatu ya bapa. Huhitaji transfoma. Soma bamba la nyuma uhakikishe, maana lina volti, wati na namba ya modeli, na namba hiyo utaihitaji ukitafuta vipuri. Angekuachia babu mashine ya Marekani yenye roli za kukamulia, kama Maytag, ningekupa tahadhari kubwa zaidi: zile ni za volti 115 hadi 120 na mizunguko 60, na hata ukiweka transfoma ya kushusha volti, mizunguko inabaki 50, mota inazunguka polepole kwa moja ya sita na kupata moto kuliko ilivyokusudiwa. Za Italia, ambazo Malindi si ajabu kuzikuta kwenye nyumba za zamani za Waitaliano, kwa kawaida ni volti 220, nazo hufanya kazi hapa zikiwa na joto kidogo zaidi.

Kabla hujafungua hata skrubu moja, hebu tulitazame hilo pipa lisilozunguka. Ulilisukuma kifuniko kikiwa wazi? Kama ndivyo, huenda halijakwama kabisa. Kwenye mashine za matangi mawili, ukiinua kifuniko cha kikamulio kazi mbili hufanyika pamoja: swichi hukata umeme, na waya wa chuma huachia breki ishike shafti. Kwa hiyo kifuniko kikiwa wazi pipa linatakiwa lisizunguke. Geuza mashine kwa ubavu juu ya godoro kuukuu, toa bati la nyuma, utafute ule waya wa breki, uuvute kwa mkono huku ukizungusha shafti kutoka chini, pale kwenye mota. Pipa ni bati jembamba. Ukilishika juu na kulikaza kwa nguvu utalipinda, na pipa lililopinda halitakaa sawa tena likizunguka kwa kasi. Ikizunguka, mkosaji ni breki. Isipozunguka, tazama kama kitambaa cha breki kimegandana na kutu, kisha ndipo uishuku beringi.

Breki iliyogandana huachia kwa maji ya moto na kugongwagongwa taratibu kwa mpini wa nyundo. Beringi iliyoshika inahitaji subira. Changanya mafuta ya giaboksi ya otomatiki na asetoni kiasi sawa kwa sawa, dondoshea kwenye mwanya wa shafti, acha usiku kucha, gonga kidogo, rudia siku tatu au nne. Mchanganyiko huo hushika moto upesi, basi ufanyie nje, mbali na jiko na sigara, na usiuweke kwenye kikombe cha plastiki kwa sababu asetoni hukiyeyusha. Yale mafuta ya kupuliza ya kopo yanasaidia kulegeza nati tu. Usiyategemee kuwa kilainishi, kwa sababu hukauka na kuacha chuma kitupu.

Kuna hatari mbili za enzi zile ambazo fundi kijana anaweza asizijue. Pedi za kijivu zenye nyuzinyuzi karibu na hita au kwenye breki zinaweza kuwa na asbesto, nyuzi za madini ambazo vumbi lake hudhuru mapafu. Usizipige msasa zikiwa kavu wala kupuliza vumbi lake kwa kompresa. Zilowanishe kwa maji yenye sabuni, zitoe nzima nzima, zifunge kwenye mifuko miwili ya plastiki, na wewe ujifunge barakoa nzito huku watoto wakiwa mbali. Ya pili ni kapasita zilizotengenezwa kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1970, ambazo nyingine zina mafuta yenye sumu yasiyooza. Ukiona kapasita imevimba au inatoka mafuta, ishike kwa glavu, usiitoboe na usiichome pamoja na taka. Na kapasita yoyote, hata ya mashine iliyochomolewa jana, itolee umeme kwanza kwa kuunganisha ncha zake na rezista ya kiloomu 10 au 20 ya wati 5 kwa sekunde kadhaa. Kuzigusanisha kwa bisibisi kunaharibu kapasita na kurusha cheche machoni.

Unapofungua, piga picha kila hatua, hasa kila waya ulikotoka na rangi yake. Rangi za zamani za Uingereza zitakuchanganya: nyekundu ni moto, nyeusi ni nyutro, kijani ni ardhi. Rangi za sasa, kahawia, buluu, na kijani chenye mstari wa njano, zilikuja kuanzia mwisho wa miaka ya 1960. Kwa hiyo waya mweusi ukiukuta ndani usiudhanie kuwa wa ardhi. Skrubu za kila sehemu ziweke kwenye mfuko wake na uandike jina juu. Kwenye stoo za huku utakuta pia viota vya nyigu, mayai ya mijusi, na nyaya zilizotafunwa na panya. Safisha kwa brashi kavu kabla ya kutia maji yoyote.

Kazi ya umeme ndiyo inayoamua kama mashine itaishi, nami ningeitanguliza hata mbele ya kutu, ingawa kutu ndiyo inayoonekana. Toa mota zote mbili. Zipige brashi laini, kisha safisha koili kwa spirit ya kusafishia viungio vya umeme mpaka chumvi na vumbi viishe. Halafu zikaushe. Njia rahisi ni sanduku la mbao au la katoni nene, ndani yake balbu ya wati 60 ya waya, isiwe LED, maana LED haitoi joto la kutosha. Acha mota humo siku mbili, balbu isiguse kitu na sanduku lisikae bila mtu wa kuliangalia. Ukiwa na ovena isiyopikiwa chakula, nyuzi 80 hadi 90 kwa saa sita hadi nane zinatosha.

Mota ikishapoa, ipime kwa mega ya volti 500, kifaa cha kupimia uvujaji wa umeme, waya mmoja kwenye koili, mwingine kwenye mwili wa mota. Multimita ya kawaida haitoshi kwa kipimo hiki. Inapima kwa volti chache za betri, na uvujaji wa chumvi hauonekani mpaka volti ziwe kubwa. Fundi yeyote wa mota au wa pampu za visima anayo mega, na kipimo ni cha dakika moja. Chini ya megaomu 1, usiiwashe kamwe. Kwa hewa ya pwani mimi ningetaka ifike 10 na zaidi kabla sijaifunga mahali pake, kwa sababu mwezi wa unyevu kipimo kitashuka chenyewe. Ikikataa kupanda baada ya kukaushwa mara ya pili, koili imechoka. Ipeleke kwa fundi wa kusuka mota. Kusuka upya ni gharama lakini kunawezekana, mradi umpelekee mota nzima na koili za zamani zikiwa humo, ili ahesabu mizunguko na unene wa waya.

Kapasita badilisha hata kama inapima vizuri. Nunua ya kuendeshea mota, yenye maandishi ya volti 450, na maikrofaradi zile zile zilizoandikwa kwenye ya zamani. Kwenye mashine nyingi za matangi mawili za miaka ya karibuni, mota ya kufulia hutumia kama 10 na ya kukamulia kama 5, lakini yako ifuate maandishi yake. Duka linalouza vipuri vya feni na friji litakuwa nazo. Usikubali kupewa kapasita ya kuanzishia, ile nyeusi ya plastiki yenye namba kubwa. Hiyo imetengenezwa kukaa kwenye umeme sekunde chache tu, ukiiacha hapo itapasuka.

Nyaya za ndani zilizofunikwa kwa mpira wa zamani zikunje kwa vidole: zikipasuka, badilisha zote usibakishe hata moja. Waya wa kutoka kwenye plagi uwe wa nyuzi tatu, wenye ganda la mpira. Kwa mashine isiyo na hita, milimita 1 ya mraba inatosha na fyuzi ya plagi iwe ya ampia 5. Kwa yenye hita, milimita 1.5 na fyuzi ya 13. Waya wa ardhi uufikishe kwenye bodi, kwenye mwili wa kila mota na kwenye hita. Kwangua rangi mpaka chuma king'ae kabla ya kukaza, kisha upake grisi juu ya kiungio ili chumvi isirudi. Pima kutoka kwenye mguu wa ardhi wa plagi hadi kwenye kila kipande cha chuma unachoweza kukigusa. Usome sehemu ndogo tu ya omu. Omu kadhaa maana yake kuna kutu au rangi katikati.

Kuhusu hita, ikiwa yako inayo, ushauri wangu ni kuitenga. Kipande hicho ndicho kinachovuja kuliko vyote kwa sababu unga ulio ndani ya bomba lake hunyonya unyevu kikikaa bure, tena ndicho kinachokula umeme, kilowati 2 hadi 3. Hali ya Malindi haihitaji maji ya kuchemka kwa nguo za kila siku. Toa nyaya zake mbili za umeme, uzifunge ncha vizuri, lakini waya wake wa ardhi uuache ulipo na hita yenyewe iendelee kuziba tundu lake. Ukiitaka siku zijazo, ikaushe na kuipima kwa mega kama mota, na usiiwashe bila maji kuifunika.

Tuje kwenye mpira na beringi, mahali ambapo vipuri vya asili vimekuwa adimu, ila pwani ina msaada usiotarajiwa. Beringi zina namba zilizochongwa ubavuni. Kama ni 6202, 6203 au 6204, maduka ya vipuri vya bodaboda na tuktuk wanazo. Hizo zina tundu la milimita 15, 17 na 20 kwa mfuatano huo. Chukua zenye alama ya 2RS, yaani zilizofunikwa kwa mpira pande zote mbili. Ukikuta vipimo haviingii kwenye milimita kamili, beringi ni ya inchi, maana mashine ya Uingereza ya wakati ule huweza kuwa nayo. Ipime kwa kalipa na uiagize kwa vipimo. Usilazimishe ya milimita kwa kuizungushia bati la kopo. Mahali pengine hutakuta beringi ya mipira bali bushi ya shaba nyeusi yenye vinyweleo. Hiyo haitaki grisi, kwa sababu grisi huziba vinyweleo vinavyobeba mafuta. Ioshe, kisha iloweke kwenye mafuta ya injini ya SAE 30 yaliyopashwa joto kidogo kwa saa kadhaa.

Sili ya shafti nayo hununuliwa kwa namba tatu: kipenyo cha shafti, kipenyo cha nje na unene. Tuseme 25, 47 na 7. Ukienda dukani na sili kuukuu mkononi watakupimia hiyo iliyolika na kunyauka. Wewe pima shafti na tundu lenyewe. Kabla ya kufunga sili mpya, pitisha ukucha kwenye shafti pale mdomo wa sili unapokaa. Ukihisi mfereji, sili mpya itavuja siku ya pili. Mfereji mdogo unang'arishwa kwa msasa namba 600 kisha 1000, ukizungusha kufuata mzingo, usipandishe na kushusha. Mfereji mkubwa unataka sili isogezwe milimita mbili juu au chini ili mdomo upate chuma kizima.

Ule mpira wa mikunjo unaozunguka shafti ya kikamulio ndio mgumu kuupata. Kazi yake ni kuzuia maji huku pipa likiyumba, kwa hiyo lazima uwe laini. Pima kipenyo cha juu, cha chini na kimo, halafu uzunguke na vipimo hivyo kwa wauza vipuri vya mashine za matangi mawili zinazouzwa sasa. Umbo lake halijabadilika sana na mara nyingi utapata unaokaribia, ukaubana kwa klipu ya hosipaipu. Usiunganishe mpira wa tyubu kwa gundi. Pipa likianza kuyumba, gundi huachia, na maji huangukia mota iliyo chini yake. Katika sehemu zote za mpira tumia grisi ya silikoni, kwa kuwa grisi ya kawaida ya petroli huvimbisha aina nyingi za mpira. Kwenye beringi na bolti, grisi isiyooshwa na maji wanayotumia mafundi wa boti ndiyo bora kuliko zote unazoweza kuzipata huku.

Mkanda wa mota ya kufulia uwe wa upana ule ule. Mingi ni ya milimita 10 juu. Ukiubonya katikati kwa kidole uingie kama sentimita moja. Ukikazwa zaidi ya hapo unakula beringi mpya ulizonunua.

Kutu ya bodi nimeiacha nyuma makusudi, maana bati lililotoboka linazibika lakini mota iliyoungua inasimamisha kazi yote. Kosa linalofanywa na wengi ni kukwangua na kupaka rangi siku hiyo hiyo. Chumvi hubaki ndani ya vishimo vya kutu, na ukiifunika kwa rangi huendelea kula chini kwa chini hadi rangi inafura malengelenge baada ya msimu mmoja. Kwangua kwa brashi ya waya, kisha osha kwa maji matamu mara nne au tano, ukisugua, na ukaushe upesi. Maji ya kisima cha nyumbani hayafai ikiwa yana chumvichumvi, na visima vingi vya karibu na bahari ndivyo vilivyo. Tumia maji ya mvua, au ya bomba. Baada ya hapo paka dawa ya kugeuza kutu yenye asidi ya fosforiki, kisha praima ya epoksi, kisha rangi mbili. Januari na Februari ndiyo miezi mikavu ya kufanyia kazi hiyo. Anza jua likishapasha bati, kama saa nne asubuhi, ufanyie kivulini, na uache kabla jioni haijaleta umande. Kwenye tangi la enameli lililobanduka tumia epoksi ya sehemu mbili. Ile pasta ya kujazia bodi za magari hunyonya maji, haifai ndani ya tangi.

Vipande vidogo vya chuma, kama mabano na springi nene, vitoe kutu kwa umeme. Chukua ndoo ya plastiki na maji yenye magadi soda, kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita 4. Kipande chako ukiunge kwenye waya hasi wa chaja ya betri ya gari, na kwenye waya chanya uweke chuma chakavu cha kawaida. Saa sita hadi kumi na mbili, kutu hugeuka tope jeusi linalofutika. Fanya nje, kwa sababu hutoka gesi inayolipuka. Kwenye waya chanya usiweke chuma kisichoshika kutu, hutoa sumu ndani ya maji. Na kwenye ndoo usitie chumvi, hutoa klorini. Aluminiamu isiingie humo kabisa. Magadi huila, sawa na inavyoliwa na soda kali ya kuzibulia mabomba, nayo mashine hizi zina vipande vya aluminiamu. Magamba meupe ya chokaa ndani ya tangi na mabomba yatoe kwa siki ya uvuguvugu, uiache saa moja, usugue, usuuze.

Ukikutana na moja kati ya mambo manne haya, ningekushauri uifanye mashine ya kutolea vipuri badala ya kuifufua: shafti ya kikamulio iliyolika hadi kuwa nyembamba, tangi lililotoboka pale mota inapofungiwa, nyumba ya beringi ya aluminiamu iliyogeuka unga mweupe, au mota zote mbili zenye koili zilizoungua. Kutu ya bati la chini uliyoitaja haimo katika hesabu hiyo.

Kuiamsha sasa. Tafuta soketi inayolindwa na RCD ya miliampia 30, yaani swichi inayokata umeme wenyewe unapovuja. Kama nyumba ya babu haina, fundi umeme aiweke kabla hujaendelea. Pima volti za soketi wakati wa jioni, watu wamewasha vitu vyao. Zikishuka hadi 200, nguvu ya mota ya kuanza kuzunguka hubaki kama asilimia 70, na mota itanguruma bila kosa lake. Mafundi wengine hupenda kuunga taa kwa mfululizo na mota, umeme upite kwenye taa kwanza, na kuhukumu mota kwa mwanga wake. Kwa mota njia hiyo inadanganya: mota iliyosimama ina upinzani mdogo, taa itawaka hata kama mota ni nzima. Iendeshe kwanza bila mkanda, mkono ukiwa kwenye swichi. Ikinguruma bila kuzunguka, zima ndani ya sekunde mbili, urudi kwenye kapasita na beringi. Ikizunguka, iache dakika mbili, zima, chomoa, ushike mwili wake. Uvuguvugu ni sawa. Harufu ya vanishi inayoungua si sawa.

Jaribio la maji lifanyie bila umeme. Jaza tangi la kufulia maji baridi, tandika magazeti chini, acha usiku mzima. Asubuhi magazeti yakiwa makavu ndipo urudishe mkanda na kuiendesha na maji bila nguo, halafu na taulo mbili.

Kikamulio kina sharti moja ambalo sina nafasi ya kulilegeza. Ukiinua kifuniko, umeme ukatike pale pale na pipa lisimame kwa sekunde chache. Kama breki haishiki, badilisha kitambaa chake, safisha mafuta yaliyodondokea, urekebishe waya wake wa chuma. Usiiunganishe moja kwa moja ile swichi ya kifuniko ati kwa sababu kipuri hakijapatikana. Nguo zinazozunguka kwa kasi ile hushika kidole na kuvunja mkono kabla mtu hajapiga ukelele, na Malindi hakuna nyumba isiyo na watoto. Mpaka swichi na breki zitengemae, fua upande mmoja na ukamue kwa mikono.

Kwa wenzetu wa Lamu watakaosoma haya wakinunua mashine kama hii bara na kuivusha kutoka Mokowe: kabla haijapanda boti, funga pipa la kukamulia kwa kamba na ulijaze matambara pembeni, kwa sababu mota yake inaning'inia kwenye springi na mipira, na mtikiso wa boti kisha wa punda vichochoroni hukata mipira hiyo. Na mnapobadilisha nyaya, mafundi wa boti wana waya ambao nyuzi zake za shaba zimepakwa bati. Unagharimu zaidi kuliko wa kawaida lakini hauozi kijani ndani ya ganda.

Ikishaanza kazi, tia nusu ya sabuni ya unga unayotumia kwenye beseni. Povu likizidi hupanda kwenye kikamulio, hulipunguza kasi pipa na kuloweka sili kutoka juu. Dakika 4 za kufua zinatosha nguo za pamba. Maji yake yanazunguka kwa nguvu na kuzidisha kunachakaza kitambaa. Kwenye pipa panga nguo mduara ukizikandamiza sawasawa, kisha weka kile kifuniko cha ndani cha mpira juu yake. Likianza kugonga ubavuni, zima na upange upya. Kuliacha liendelee ndiko kunakokata mipira ya mota. Mwisho wa siku suuza matangi yote kwa maji matamu, futa mpira wa mlango wa kikamulio, chomoa plagi, na uache vifuniko wazi mpaka ndani kukauke.

Ukishafungua bati la nyuma, niandikie namba ya modeli, namba za beringi, na vipimo vitatu vya ule mpira wa mikunjo. Kwa hivyo vitatu nitaweza kukuambia kipi cha kununua huku na kipi cha kuagiza Uingereza.